Sisimizi Aliyetafuta Kisima Kichwani mwa Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu wasiokula? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikutana njiani na kujuliana hali, palikuwa na mji wenye kisima kimoja tu, na kisima hicho kilikuwa cha Mfalme Ngwaru. Mjini humo aliishi mjane mmoja, mfinyanzi wa vyungu, jina lake Mize. Mize alikuwa na tabia yake: akienda kisimani hufumba macho, ati jua la njia ile lamuumiza. Hufumba macho, akaenda, akaenda, akaenda, akafika, akateka, akarudi bila kujikwaa.

Mwaka mmoja maji yakaanza kupungua. Leo yamepungua, kesho yamepungua, keshokutwa ndoo yapanda na tope. Mfalme akamwita waziri wake, Kanga, yule ndege wa madoadoa mwenye mwili mnene na kichwa kama punje ya kunde.

"Waziri, maji yangu yamekwenda wapi?"

"Yameibwa, Mfalme," akasema Kanga. "Mize huenda kisimani kafumba macho. Atakifikiaje kisima asichokitazama? Lazima anacho kingine ndani ya kichwa. Na maji ya kukijaza hicho cha ndani ameyatoa wapi?"

"Ni yangu!" mfalme akapiga kelele.

Asubuhi ileile Mize akakamatwa, akafungiwa ghalani. Akaambiwa mchana kichwa chake kitapasuliwa kama dafu, kisima cha watu kitoke.

Mize alicheka kwanza. Kichwa hikihiki, alijiambia, kinachosahau hata nilipoweka mwiko? Lakini joto la ghala likamzidi, kiu ikamshika, akafumba macho. Lahaula! Akakiona kisima. Akayaona mawe yake, akauona ukoka wa ukingoni, akamwona chura amekaa palepale pake.

"Mama yangu we!" akasema, jasho likimtoka. "Kumbe kimo!"

Akajaribu kukisahau. Akawaza ugali, kisima kikaja pembeni ya ugali. Akamwaza marehemu mumewe, mumewe akaja amebeba ndoo. Akaamua kutowaza kitu chochote, na hapo kisima kikapata nafasi ya kujinyoosha.

Mchana akapelekwa barazani. Mwenye shoka alikuwa tayari. Mize akapiga magoti.

"Mfalme wangu, kabla ya kunipasua, tuma mtu aangalie kwanza. Ukipasua usikute kitu, nani atanifunika?"

Akatumwa Sisimizi. Akaingia sikio la kulia, akatoka.

"Umeona nini?"

"Giza, Mfalme."

Akaingia sikio la kushoto, akatoka.

"Umeona nini?"

"Giza, Mfalme, na nta."

Akaingia puani. Mize akapiga chafya, Sisimizi akaruka akatua ndevuni mwa mfalme.

"Umeona nini?"

"Giza, Mfalme, na upepo mkali."

Mfalme akashusha pumzi. "Basi hana. Mfungueni."

Mize angenyamaza, nanyi mngekwenda kulala. Lakini jambo lile lilimuuma. "Hukuona hata ukoka?" akamuuliza Sisimizi. "Hukumwona chura?"

Baraza zima likaguna.

"Amekiri!" Kanga akapiga mabawa. "Shoka! Shoka! Shoka!"

"Ngojeni!" akalia Mize. "Mfalme wangu, fumba macho na wewe. Waona nini?"

Mfalme akafumba. Uso ukamlegea. "Nakiona kisima," akasema taratibu. "Kimejaa pomoni."

Kila aliyefumba macho akakiona. Mwenye shoka alikiona, akaliweka shoka chini. Kanga naye alikiona, ila akasema chake ni kidogo mno, hakifai kupasuliwa.

Mfalme akaletewa kata. Akaikinga chini ya sikio, akainamia upande huu: kavu. Akainamia upande ule: kavu. Akarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya raia zake: kavu kabisa.

"Mize mwanangu, hiki ni kisima gani? Nakiona, sikinywi!"

"Sijui, Mfalme wangu. Nimekitazama tangu asubuhi na koo limekauka kama kigae. Kiwe kimo, kiwe hakimo, maji hakina. Basi maji yako hayakuja huku. Twende kwenye kisima chenyewe."

Wakaenda. Mize akashushwa kwa kamba. Chini akakuta tope limeziba chemchemi, na juu ya tope chura amevimba kwa hasira.

"Siku zote hizi napiga kelele kwamba kumeziba," akafoka chura, "nanyi mwatafutana masikioni!"

Mize akachimba, akachimba, akachimba kwa mikono yake iliyozoea udongo, mpaka maji yakabubujika, yakampanda magotini, yakampanda kiunoni, akavutwa juu huku analia na kucheka.

Watu wakanywa. Mfalme alipokata kiu akamgeukia Sisimizi.

"Niambie kweli. Mle kichwani hamna kitu?"

"Nilisema mna giza, Mfalme. Sikusema hamna kitu. Hukunipa taa."

Mfalme akashtuka. "Mwiteni Kimulimuli! Mize, njoo ukae hapa, utege sikio!"

Lakini Mize alikwisha kujaza mtungi. Akaweka ngata, akajitwisha.

"Samahani, Mfalme wangu, kichwa changu kina kazi. Anzeni na cha waziri. Ni kidogo, hamtachelewa."

Akashika njia, akaenda zake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye karibu na mtungi, hebu anipe maji.