Sufuria kwenye Jalada

Tulieni huko nyuma, na mtu asinyooshe mkono mpaka nimalize. Nina watu watatu na zawadi moja.

Sekela alijua kuandika. Angekusimulia uji unaoungua mpaka ukageuka kuangalia jiko. Nyamizi, aliyekaa naye chumba kimoja hosteli ya chuo pale Iringa, alijua kuuza. Aliwahi kuwauzia wenzake miamvuli kiangazi, na wakamshukuru. Bi Mwanamkasi, mpishi wa maharusi kule Tanga, alijua kusema. Akijirekodi tu kwenye simu, nusu ya nchi husogea isikie nani anachambwa leo.

Mama yake Sekela alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Asubuhi moja sufuria kubwa ya uji ilimpindukia. Mkuu wa shule akasema amalize kugawa kwanza, watoto wana mtihani. Akagawa. Alifikishwa hospitali jioni, na hakutoka. Tangu siku hiyo Sekela hashiki sufuria. Hula chipsi za getini, na wenzake humtania kwamba ataolewa na muuza chipsi.

Yote hayo akayaandika kuwa riwaya, akaiweka kwenye lile duka kubwa la mtandaoni. Hakuna aliyeiona. Duka lile huonyesha vitabu vilivyokwisha kununuliwa. Kisichonunuliwa hakionyeshwi, na kisichoonyeshwa nani atakinunua? Akawaandikia aliosoma nao. "Hongera, mpenzi! Nirushie nakala ya bure basi." Wote hivyo hivyo, kama waliambizana.

"Shoga, umekizika mwenyewe," Nyamizi akamwambia. "Riwaya mle zimejaa kama dagaa. Rafu ya mapishi iko tupu. Tukihamishie huko."

"Ni mama yangu, Nyamizi."

"Alikuwa mpishi au hakuwa?"

Sekela akanyamaza, na mwenzake akauchukua ukimya ule kuwa ruhusa. Akakihamisha. Akakipa na jalada jipya: sufuria inayong'aa, inafuka mvuke. Wapenda kula wakaanza kununua, mmoja mmoja.

Mmojawao alikuwa Bi Mwanamkasi.

"Jamani, mimi natafuta makande ya bweni, yale ya kulisha umati," akasema mbele ya simu yake. "Nafunua, nafunua, nangoja maharage. Nakuta maiti! Mwanangu, huyo mama yako kapikwa kwa moto mkali au wa wastani?"

Nchi ikaangua kicheko. Watu wakakinunua ili nao wapate pa kuchekea. Chini ya kitabu wakaandika: "Chumvi kiasi gani?" "Anatosha kulisha watu wangapi?" Sekela aliyasoma yote. Wapo waliofika ukurasa wa mwisho wakaacha kucheka, lakini hao hawakuandika kitu.

Kitabu kikapanda mpaka juu kabisa. Ndipo kijana wa Duka akawapigia simu wote watatu kwa pamoja.

"Hongereni! Duka linamtaka mtu mmoja, yule aliyekifikisha kitabu hapa. Kitabu chake kijacho tutakichapa sisi, tutakiweka ukurasa wa mbele. Kubalianeni jina. Mkishindwana, zawadi inakwenda kwa kitabu kinachowafuata, kile cha kupunguza tumbo."

Sekela akaitaka zawadi hiyo. Kitabu chake cha pili kilikuwa tayari, na kilimhusu yule mkuu wa shule, ambaye sasa kapandishwa cheo.

"Kilikuwa kimekufa," Nyamizi akaanza. "Nani alikifufua? Na mimi nina mwongozo wangu wa biashara."

"Weee! Kabla yangu mlimuuzia nani?" akadakia Bi Mwanamkasi. "Bila mdomo huu mngekuwa mnanunuliana wenyewe. Nami nina mapishi ya kweli, yasiyo na marehemu ndani."

"Bila mama yangu," Sekela akasema, "Nyamizi angehamisha nini? Na wewe, bibi, ungecheka nini?"

"Mama ni wako, mwanangu. Kicheko ni changu."

Kijana akakohoa. "Samahani, kuna kitu nilisahau. Mshindi atapigwa picha ya ukurasa wa mbele. Ameshika sufuria, anatabasamu. Wateja ndivyo wanavyokijua kitabu."

"Sufuria ninazo tele," akasema Bi Mwanamkasi.

"Mimi nitaazima," akasema Nyamizi.

Wote walikuwa wakimngoja Sekela.

Haya, sasa nyoosheni mikono. Mmoja aliandika, mmoja alihamisha, mmoja alicheka. Mtoe yeyote kati yao, na kitabu kinarudi chini kisikoonekana. Na usiniambie wagawane, Duka limeshakataa. Jina ni moja.

Je, wewe ungeandika la nani? Na kama umesema Sekela, usikae bado. Sema pia ni nani atakayempa hiyo sufuria mkononi, na nani atamwambia atabasamu.