Meno ya Mashine

Wapo watu ambao wembe ukipita kichwani kwa jirani, wao hukaa pembeni wakimcheka upara. Wahenga hawakututaka tucheke. Walitutaka tukimbilie maji. Mama Pacha alikuwa miongoni mwa wachache waliokimbia.

Jirani yake, mkulima aliyeitwa Chapuchapu kwa wepesi wake wa kazi, alikuwa amerudi kutoka hospitalini bila mkono wa kulia. Mashine yake ya kupukuchua mahindi ilikwama, naye akaingiza mkono kuchomoa gunzi huku injini ikinguruma. Watu walimpa pole, wakatikisa vichwa, wakasema ajali haina kinga. Kisha wakarudi kwenye mashine zao wakafanya yale yale! Mama Pacha alipomwona akihangaika na kifungo cha shati, machozi yalimlengalenga. Mumewe alikuwa na mashine kama ile.

"Baba Pacha, mashine ikikwama uizime kwanza," alimwambia mumewe jioni hiyo.

"Chapuchapu alikuwa na papara, mke wangu. Mimi mashine yangu naijua."

"Kwani yeye yake alikuwa haijui?"

"Haya, nikiizima, kuiwasha utaiwasha wewe?"

Alidhani amemfunga mdomo, kumbe amempa jibu. Injini ile ilikuwa kaidi kama punda. Kuiwasha kulitaka wanaume wawili wapokezane kuzungusha hendeli mpaka jasho liwachuruzike, na ikishawaka asubuhi hakuna aliyethubutu kuizima hadi mahindi yaishe. Ndivyo walivyokuwa wakulima wote wa pale: waliiogopa hendeli kuliko meno ya mashine.

Kesho yake Mama Pacha alimleta fundi, akaapa kwamba hakuna hindi litakalopukuchuliwa mpaka injini itengenezwe. Baba Pacha alikuja juu.

"Mawingu yale huyaoni? Mahindi yakinyeshewa yataota!"

"Yakiota tutapanda mengine. Mkono haupandwi."

Fundi aliifungua injini, akaisafisha na kubadilisha vipuri vilivyochakaa, ikawa inawaka kwa mzunguko mmoja. Mama Pacha hakuridhika. Alimwagiza aufunike mkanda unaozungusha mashine kwa wavu wa chuma, usije ukanasa nguo ya mtu.

"Sasa unafuga kuku humo?" Baba Pacha alimtania, lakini hakuuondoa.

Siku ya kazi, Chapuchapu naye alileta mahindi yake hapo, kwa kuwa hakuweza tena kuyapukuchua mwenyewe. Kazi ilipamba moto, mara mashine ikakwama. Mazoea yana taabu. Mkono wa Baba Pacha ulikuwa tayari umeinuka kuelekea mdomo wa mashine. Mkewe alikuwa amesimama kando ya injini makusudi. Akaizima.

"Subiri isimame kabisa!"

"Si umeshazima?" alifoka mumewe. Akashusha mkono kwa shingo upande, akaokota kijiti na kulichokoa gunzi lililokwama.

Gunzi lilipolegea, meno yaliyokuwa bado yanazunguka yalikinyakua kijiti kile kutoka kiganjani mwake. Kilitokea upande wa pili kikiwa vipande vipande.  Baba Pacha alikunja vidole, akavikunjua, akavitazama kimoja kimoja kana kwamba amevipewa upya. Akaketi juu ya gunia.

Chapuchapu alikuwa ameyaona yote. Alimgeukia Mama Pacha.

"Shemeji, mimi sikuwa na wa kunizimia mashine, ndiyo maana nimepona na mkono mmoja. Usichoke. Twende kwa wakulima wengine wote tukawaonye, mimi nitatangulia."

Baba Pacha alisimama, akaufuta uso. Alingoja mpaka meno yalipotulia tuli, akalitoa gunzi, kisha akamwambia mkewe, "Kamwite fundi wako. Leo hii tunaanza na mashine ya shamba la jirani."

Hakika, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.