Nafasi Moja kwa Watazama Kwasa

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, palikuwa na Profesa Shuma na kanuni yake. Kwasa, alifundisha, ni shimo jeusi linalomeza gesi. Gesi hiyo ikizunguka kabla ya kumezwa huwaka, ikitoa mwanga wa urujuanimno na wa eksirei. Ukijua ukali wa ule wa kwanza, umejua na wa ule wa pili. Iwe kwasa ya karibu, iwe ya mbali ambayo mwanga wake ulianza safari kabla dunia haijakuwapo, kanuni ni ile ile. Watu wakaitikia hewala, miaka nenda miaka rudi.

Profesa alikuwa na wanafunzi watatu. Mghoi alipewa kwasa za mbali. Eksirei za kwasa hizo zilifika kwa kudondoka, chembe leo, chembe kesho kutwa. Haba na haba hujaza kibaba: akazijumlisha, akaona kwasa za kale hazifuati kanuni. Akaogopa kumvunjia mwalimu heshima. Akanyamaza.

Mwakio akaiona kazi ya Mghoi. Akasimama mkutanoni akasema kwasa zimebadilika kadiri ulimwengu ulivyozeeka. Akaulizwa ushahidi, hakuwa nao wa kutosha. Akachekwa, akafukuzwa kazi, akarudi kwao Wundanyi kufundisha hesabu.

Mkamburi alikasirika kwa niaba ya mwalimu. Kwa mbali, alisema, tunaona kwasa zenye mwanga mkali tu. Dhaifu zinatupita, ndiyo maana Mwakio kadanganyika. Akaapa kumuumbua. Akakokotoa upya, akizikadiria hata zisizoonekana. Tofauti ikabaki pale pale. Loo, mtu mzima akalazimika kutangaza kwamba mbaya wake kasema kweli.

Basi darubini mpya ya eksirei ikawa karibu kurushwa angani, na nafasi ya kufanya nayo kazi ilibaki moja. Atakayeikosa, kwasa atazisoma vitabuni tu. Wa kuchagua ni Profesa Shuma yule yule. Akawaita wote watatu.

Mghoi akasema, "Bila mimi hakuna ambaye angeona kitu."

"Uliona ukanyamaza," akasema Mwakio. "Mimi nilisema, na kazi nikapoteza."

"Ulibahatisha, kaka," akasema Mkamburi. "Aliyethibitisha ni mimi."

"Ukitaka kunizika," Mwakio akadakia.

Hilo Mkamburi hakulikana.

 Kanuni ile ilikuwa kazi ya umri wote wa Profesa, na kuiona imevunjika kulimuuma. Mwishowe akasema, "Aliyeona hakusema. Aliyesema hakuwa na hakika. Aliyepata hakika hakuitaka."

Kisha akashika kalamu aandike jina moja. Haya, nyie mnaotikisa vichwa hapo, mwambieni aandike lipi. Je, nani alistahili?