Kiboko na Sifa za Marehemu

Ngano, ngano!
— Ngano njoo, utukute tumeketi!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na wivu!
Wivu wa nani?
— Tuambie wewe!

Haya, sogeeni wanangu. Hapo kale wanyama walikuwa na Bunge lao, ng'ambo ya bwawa. Mbunge akimaliza kazi, alipewa zawadi ya kustaafia. Kiboko alikaa bungeni vipindi vinne, akapewa bwawa lote. Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, alikaa kipindi kimoja, akapewa jiwe. Na kanuni ilisema: zawadi ni ya mstaafu mpaka afe, akifa, ni ya wote.

Ukaja ukame. Visima vikakauka, mito ikakauka, likabaki bwawa la Kiboko. Pimbi akaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Mzee ni nani? Niite Mheshimiwa!"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Wanangu wana kiu. Naomba maji, hata ya kulowesha ulimi."

"Wewe wa kipindi kimoja? Kalambe jiwe lako!" Kiboko akazama, chubwi!

Lakini Kiboko naye hakuwa na raha. Alimwonea wivu Twiga, aliyetoka bungeni akawa balozi. Alimwonea wivu Nyumbu, aliyeshindwa uchaguzi akapewa uenyekiti wa malisho. Na siku ile Bunge lilikuwa likimuaga marehemu Ngiri, mbunge wa zamani. Sauti zikavuka maji: "Jembe letu! Pengo lake halizibiki!" Meza zikapigwa, pa! pa! pa!

Kiboko akaibuka. "Ngiri? Ngiri aliyesinzia vikao vyote? Mimi nilipoondoka meza ilipigwa mara mbili tu, na aliyepiga alikuwa anaua nzi!"

Pimbi akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, Mheshimiwa. Kosa lako ni moja tu: uko hai. Aliye hai husifiwa kwa kijiko, marehemu husifiwa kwa pipa."

"Kwa hiyo nife?"

"Usife! Wewe kesho jifiche mateteni, usikilize. Mimi nitapeleka habari ya kifo chako kwa Karani wa Bunge."

Kiboko akamkumbuka Ngiri. Wivu ukamchoma. "Waambie wanililie kuliko Ngiri!"

Karani alikuwa Kasuku, na Kasuku huandika analoambiwa. Kesho yake Bunge zima likasimama.

"Alikuwa mpole," akasema Twiga.

Kiboko akatabasamu mateteni.

"Alikuwa mkarimu," akasema Nyumbu, aliyewahi kung'atwa naye mara tatu.

Kiboko akatokwa na machozi. Meza zikapigwa, pa! pa! pa! Moja ikavunjika, kacha!

Tembo, aliyekuwa Spika, akasema, "Kiboko ametutoka. Bwawa sasa ni la wote."

Wakateremka wote, Pimbi na wanawe mbele. Gugu, gugu, gugu!

Kiboko akachomoka mateteni. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Mimi hapa, nazungumza!"

"Nani wewe?"

"Kiboko!"

Tembo akafunua kitabu. "Kiboko ni marehemu, imeandikwa. Na kanuni hairuhusu marehemu kuchangia hoja."

"Lakini Pimbi..."

"Tena usimharibie marehemu jina. Marehemu alikuwa mpole, wewe unapiga kelele. Marehemu alikuwa mkarimu, wewe unagombea maji. Au tufute zile sifa?"

Kiboko akafikiri. Zikifutwa, Ngiri atakuwa juu yake milele. Akapanga foleni nyuma ya Nyumbu.

Mpaka leo, wanangu, Kiboko akiwa majini hutoa macho na masikio tu. Anasikiliza kama bado wanamsifu yule marehemu. Na anamwonea wivu kweli kweli.

Funzo ni hili: msiseme uongo, mwongo huadhibiwa. Mwangalieni Pimbi, maskini! Alikunywa maji mengi mno, akashindwa kupanda jiwe lake, ikabidi alale kivulini mpaka jioni.

Ngano yangu imefika ukingoni. Anayeionea wivu, na atunge yake!