Moshi Wenye Jina la Bi Mize

Muuza moshi hajui kuni.

Mliisikia jana harusini, pale yule muuza keki aliyejisifu kwamba keki ni ubunifu wake alipoulizwa ndani mna nini, akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Shangazi yenu akaitoa methali, watu wakacheka, nanyi mkacheka kwa kufuata mkumbo. Leo mmekuja kuniuliza mlichekea nini. Vyema. Bora kuchelewa kuuliza kuliko kuzeeka na kicheko cha kuazima.

Najua mnangoja niseme wahenga, wahenga. Wahenga walisema mengi, Mungu awarehemu, lakini hii si yao. Wangeisemaje, na sigara ya umeme ilikuwa haijazaliwa? Imezaliwa hapa hapa Tanga, Ngamiani, mimi mwenyewe nikiwa mtu mzima, na meno yangu yakiwa mengi kuliko haya mnayoyaona. Asili yake ni hii.

Alikuwapo jirani yetu mmoja, Bi Mize, mpishi wa udi. Sikusema muuzaji, nimesema mpishi. Udi wa kuunga hupikwa, wajukuu zangu. Unachoma sukari mpaka iwe nyekundu, unatia vipande vya udi, unatia sandali, mawardi, zafarani na miski, na mkono wako usiache kukoroga, maana sukari ile haina urafiki na mtu: ukigeuka kupiga umbeya kidogo tu, imeungua. Ndiyo maana mimi sikuwahi kuwa mpishi wa udi.

Bi Mize alikuwa na ada yake. Kila sufuria mpya, kabla mtu hajauziwa hata chembe, alifukiza kwanza kanga yake mwenyewe, akaivaa, akashinda nayo kutwa. Alisema, "Nikikohoa mimi, hamtakohoa nyinyi." Na mteja akimuuliza ndani mna nini, alimtajia kila kitu kwa mfuatano, kama mtoto aliyehifadhi sura yake ya Kurani chuoni, na mwisho akaongeza na kasoro: "Mara hii mawardi yamezidi kidogo, lakini yatatulia." Kwa hiyo Ngamiani nzima, ukisikia kitu ni cha Bi Mize, hunusi kwanza. Unachukua tu.

Lakini hakuwa na binti wa kumwachia sufuria yake. Alikuwa na mwana mmoja, Badi. Badi alikuwa kijana mtanashati, na ulimi wake, loo! Angeweza kumuuzia Mpemba karafuu. Mama yake alitamani arithi upishi, yeye akafungua duka la sigara za umeme, hizi mnazoziita vepu, zile kalamu zinazochajiwa kama simu na kutoa moshi unaonukia embe. Bi Mize alinuna. Alinuna hasa, mpaka salamu zake zikawa fupi.

Siku moja Badi akamjia na maneno matamu.

"Mama, na huu si moshi? Huu ni udi wa kisasa tu. Nitabuni wangu mwenyewe, niuunge kwa kanuni yako, niupe jina lako."

"Utauunga wewe, kwa mkono wako?"

"Mkono wangu huu huu, mama."

Bi Mize akaacha kununa. Mnajua furaha ya mtu aliyedhani atakufa na kazi yake, kisha akaambiwa kazi yake itaishi? Alimtajia Badi kanuni yote kwa mdomo, moja baada ya moja, na jina akampa.

Basi Badi akatundika pazia nyuma ya duka, akaandika juu yake: KARAKANA. USIINGIE. Akawa anaingia mle na kugonga mwiko kwenye sufuria, ko, ko, ko, hata sisi majirani tukasikia. Anatoka anajifuta jasho. "Nabuni," anasema. Nasi tunasema, maskini, kijana anahangaika. Bi Mize alikuwa akipita njiani, akisikia ile ko ko ko, anasimama kidogo, anatabasamu, anakwenda zake. Hakufunua pazia hata mara moja. Mama gani anamfunulia mwanawe pazia?

Kumbe nyuma ya pazia mlikuwa na kigoda, mkasi, sufuria tupu, na marundo ya vibandiko vilivyochapwa: BI MIZE, IMEBUNIWA TANGA. Sigara zenyewe zilikuja na basi kutoka mji mwingine, zimekwisha kutengenezwa, kwenye maboksi yasiyo na jina. Kazi ya Badi ilikuwa kubandika.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Sudi, naye alisema anabuni zake. Ijumaa moja, Badi akatangaza toleo jipya kabisa, halijapata kuonekana duniani. Na Sudi, Ijumaa ile ile, akatangaza lake. Zikawekwa mezani: kijani kwa kijani, urefu kwa urefu, embe kwa embe. Ya Badi imeandikwa Bi Mize, ya Sudi imeandikwa Sultani.

Wazee wa baraza la kahawa wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. "Hawa wamelala mto mmoja wakaota ndoto moja!"

"Sudi kaniibia!" akapiga kelele Badi.

"Wewe ndiye mwizi!" akajibu Sudi. Wakashikana mashati, watu wakawaamua. Tulibishana wiki nzima nani kamwibia nani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba wote wawili hawakuwa na cha kuibiwa. Tulikuwa tunafaidi ugomvi, na ugomvi ukinoga akili huenda likizo.

Sasa aingie Makame, ambaye kwa ajili yake hadithi hii haichekeshi mpaka mwisho.

Makame alikuwa fundi baiskeli, lakini hakuna aliyemtaja kwa baiskeli. Tulimtaja kwa sauti. Akianza kasida kwenye maulidi, hata wale waliokuja kwa ajili ya pilau walisahau pilau. Mwaka ule alikuwa amechaguliwa kuongoza maulidi makubwa. Tatizo lake lilikuwa sigara. Zile za kawaida, za kiberiti. Kifua kilikuwa kimeanza kukwaruza. Mkewe, Mwanaasha, alimwomba, akamlilia, mwisho akamwambia, "Sauti hiyo si yako peke yako, Makame. Na mimi niliolewa nayo."

Makame akaenda dukani kwa Badi.

"Badi, ndugu yangu, nataka kuacha sigara kabla ya maulidi. Hii kitu yako haitaniharibia koo?"

"Ikuharibie koo? Soma hapo."

"Bi Mize." Makame akageuza kile kikalamu mkononi. "Mama yako ndiye kaipika?"

"Kanuni yake, mkono wangu."

"Ndani mna nini?"

Badi hakusita. Akamtajia: udi, sandali, mawardi, zafarani, miski. Vile vile alivyotajiwa na mama yake, kwa mfuatano ule ule. Makame akacheka kwa faraja. "Basi haina neno. Kama ni ya Bi Mize, haina neno."

Wala hakuinusa.

Siku chache kabla ya maulidi, baada ya sala ya alasiri, Makame na wenzake walikuwa uani kwa chuo cha Kurani wakifanya mazoezi na tari. Kila wakipumzika, Makame alivuta yake. Wakaanza tena kasida, akafungua kinywa, sauti ikatoka nusu. Akashika shingo. Wenzake wakadhani anatania, maana alikuwa mtani. Kisha midomo ikabadilika rangi.

Walimkimbiza hospitali. Mwanaasha alifika bila viatu. Habari ikamfikia Bi Mize kwamba Makame amekabwa na kitu chenye jina lake, akajifunga kanga akaenda, na Badi nyuma yake. Nilikuwapo, mimi huwapo penye jambo, mnanijua.

Daktari, mama mmoja mfupi mwenye haraka, alitoka na kile kikalamu cha kijani mkononi. "Koo linavimba na sijui limechokozwa na nini. Nani aliyetengeneza hii?"

Mwanaasha akanyoosha kidole. "Hawa hapa. Mtu na mamake."

"Afadhali mpo. Niambieni upesi, ndani mna nini?"

Bi Mize akasogea mbele. Hilo ndilo swali alilolijibu maisha yake yote. "Mna udi, binti yangu. Mna sandali. Sukari ya kuchoma, mawardi, zafarani..." Daktari akawa anaandika kiganjani.

"Mama," akasema Badi.

"Ngoja kwanza. Na miski, lakini si nyingi..."

"Mama, nyamaza."

"Ninyamazeje, mtu anakufa?"

"Hamna udi humo."

Daktari akasimamisha kalamu. Bi Mize akamgeukia mwanawe polepole. "Mna nini, basi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si wewe uliyeunga?"

"Mimi nimebandika jina tu."

"Na nyuma ya pazia, Badi? Ulikuwa unagonga nini?"

Badi akatazama chini. "Sufuria, mama. Tupu."

Daktari hakuwa na nafasi ya ugomvi wa watu na mama zao. "Mpigie aliyekuletea. Sasa hivi."

Badi akampigia aliyemletea, tukasikia sote ile sauti: "Mimi nami naletewa, bwana. Ndani sijui." Akampigia Sudi. Sudi aliposikia Makame yuko katika hali gani, majivuno yalimtoka yote. Akasema, "Badi ndugu yangu, niseme nini? Wallahi mimi nilidhani wewe ndiye unayejua."

Daktari akarudi ndani na mikono mitupu. Bi Mize alikaa kwenye benchi, akakiokota kile kikalamu kilichoachwa hapo, akakinusa. Ndiyo kwanza anakinusa. Kisha akasema, si kwa hasira wala kwa sauti kubwa, alisema kama mtu anayejielezea jambo mwenyewe: "Kumbe muuza moshi hajui kuni."

Mwanaasha aliyasikia, muuguzi aliyasikia, nami niliyasikia. Na mnajua kinywa changu. Kabla jua halijazama, Ngamiani yote ilikuwa nayo.

Makame hakufa. Daktari alimtibu kwa kubahatisha, akampitisha mpira kooni ili apumue, akapumua. Lakini alipotolewa mpira ule, iliyotoka naye ilikuwa sauti ya mlango mkavu. Tulingoja irudi. Tulimpa asali, tulimpa tangawizi, tulimpa dua. Haikurudi. Maulidi yale aliongoza mtu mwingine, alijitahidi, na watu wakakumbuka pilau.

Badi alifunga duka. Hakuna aliyemfukuza; alishusha pazia lake mwenyewe. Lakini jambo lililomuumiza Bi Mize zaidi lilikuja baadaye, na lilikuwa dogo. Alipika sufuria yake kama kawaida, akashinda na kanga yake iliyofukizwa, mteja wa siku nyingi akaja, akachukua chembe ya udi, kabla ya kuuweka kikapuni akaunusa. Alinusa kidogo tu, kwa adabu. Bi Mize aliona. Tangu siku ile hakuuza tena.

Akawa anapika mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya kanzu ya Makame ya maulidi. Badi alimwomba amfundishe, na safari hii akakaa kweli kando ya moto, akakoroga kwa mkono wake. Mwaka wa kwanza sukari ikaungua. Wa pili ikaungua. Bi Mize akamwambia, "Unaiharakisha, mwanangu. Huwezi kuibembeleza kwa maneno, hii haina masikio." Mwaka uliofuata Bi Mize akatangulia mbele ya haki, na Badi alikuwa bado hajaipatia.

Maulidi yalipofika, Badi akaja uani kwa chuo na chetezo cha kufukizia, peke yake. Alikuwa amevaa kanzu aliyoifukiza na kushinda nayo tangu asubuhi; alinuka tangu mlangoni. Akasimama mbele ya Makame, tari zikanyamaza.

Makame, kwa ile sauti yake ya mlango mkavu, akauliza, "Ndani mna nini?"

Badi akasema, "Udi. Sandali. Mawardi, zafarani, miski kidogo. Na sukari. Imeungua, Makame. Nimejaribu, imeungua."

Makame akainama, akanusa. Akanusa vizuri, bila haraka, huku sote tunatazama. Kisha akavua kanzu yake akampa aifukize.

Kasida ikaanzishwa na mwingine. Makame alipiga tari, midomo yake ikifuata maneno yote mpaka mwisho, bila sauti.

Haya, chukueni vikombe vyenu mkavioshe. Na mkiisikia tena harusini, chekeni mkitaka, lakini mjue mnamcheka nani na ni nani aliyelipia kicheko hicho. Muuza moshi hajui kuni.