Faida Iliyomwangusha Anaeli

Ndugu zangu, leo naanza na mtu asiyetulia. Tumwite Anaeli. Alifanya biashara sebuleni kwake, mbele ya kompyuta: ananunua na kuuza, siku hiyo hiyo, mikataba ambayo bei yake hupanda na kushuka pamoja na hisa za kampuni kubwa za ng'ambo.

Msimcheke. Kazi yake aliijua. Kila asubuhi alichukua bei za jana, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia, akapiga hesabu ya mstari wa katikati, kisha mistari ya juu na ya chini yake, mahali anapotarajia bei igeuke. Halafu anatazama wafanyabiashara wenzake wamerundika wapi mikataba yao ya hiari, ile inayompa mtu haki ya kununua au kuuza kwa bei fulani, kwa kuwa bei ikifika penye watu wengi mara nyingi husitasita. Mstari na rundo vikikutana, anaingia. Na papo hapo anaipa kompyuta amri: bei ikishuka kupita hapa, nitoe, hasara ndogo naikubali.

Amri hiyo walikubaliana yeye na mkewe, Ndeshi. Maana fedha ilikuwa yao wote wawili, na ndani yake mlikuwa na ya kumpeleka mama yake Ndeshi hospitali, akatolewe mtoto wa jicho.

Siku moja akanunua juu kidogo ya mstari wa chini. Bei ikateremka. Ikaugusa mstari, ikaupita, ikaikaribia ile amri. Anaeli akasimama, akakaa, akasimama tena. Mkono ukaenda wenyewe, akaisogeza amri chini.

Ndeshi alikuwa mlangoni. "Baba Neema, umeisogeza?"

"Kidogo tu. Watu wamejazana hapa, itageuka."

"Na isipogeuka?"

"Mama Neema, niache kwanza, nakuomba!"

Mnadhani ikawaje? Mmeshasema moyoni: akapoteza. Hapana! Bei iligeuka. Ikapanda, ikavuka mstari wa katikati, Anaeli akatoka na faida nono. Akamnyanyua mkewe juu kwa furaha. "Ningekusikiliza wewe, leo tungelia!" Ndeshi naye akacheka. Nani hukasirikia faida?

Lakini tangu siku hiyo raha ilimtoka. Amri aliendelea kuiweka, ila sasa alijua inasogezeka. Akila, mkono mmoja una tonge na mwingine una simu. Mtoto akimwita, anaitika bila kugeuka.

Wiki chache baadaye bei ikateremka tena. Akasogeza. Ikashuka. Akasogeza tena. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, lakini siku hiyo wale waliojazana pale walikuwa wanakimbia, na bei haikusitasita hata kidogo. Kufika mchana, akaunti ilikuwa tupu.

Ndeshi hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Mama nitamwambia nini?"

Sasa niambieni, huyu bwana alianguka lini? Siku ya hasara? La! Siku ya hasara tulimwona tu akifika chini. Alianguka siku ile alipovunja neno lake mwenyewe, akalipwa.

Ndivyo tulivyo sisi. Asubuhi, akili ikiwa imetulia, tunajiwekea mpaka; mchana, damu ikichemka, tunausogeza. Wewe uliyeapa hutarudi kwenye nyumba ile, ukarudi mara moja, asikuone mtu. Wewe uliyedanganya kazini, ukapandishwa cheo. Ulirudi nyumbani ukiimba, sivyo? Ukasema, kumbe hakuna neno! Ndugu yangu, tetemeka. Mungu kunyamaza si Mungu kuridhia.

Tumezoea kumwomba atuepushe na hasara. Leo tusimame tumwombe lililo gumu zaidi: Bwana, tukikosea, tunyime faida.