Chumba Kilichomeza Sauti ya Bi Mkunde

Kisa hiki kilinifikia kikitoka milimani Lushoto, nami nimeshindwa kukaa nacho peke yangu. Kisome polepole, kisha umpe yule uliyemkumbuka ulipokuwa ukisoma.

Palikuwa na fundi wa kurekodi sauti aliyeitwa Shemboza. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe, kule juu ambako ukungu huingia uani bila hodi na kuketi kama mgeni aliyezoea. Kwaya, waimbaji wa kaswida, vijana wa bongo fleva, wote waliujua mlango ule.

Siku moja kwaya fulani ilimrudishia kazi. "Fundi," mwalimu wao alimwambia mbele ya watu, "tunasikika kama tumeimba ndani ya pipa."

Watu walicheka. Shemboza naye alicheka, ila aibu ile hakuisahau.

Tangu hapo akauchukia mwangwi. Alinunua sponji akabandika ukutani. Akapiga kofi, akasikia sauti inamrudia kidogo, akaongeza sponji nyingine. Akabandika mbele, nyuma, pembeni na dari nzima. Mwisho akaziba hata dirisha lililotazama bondeni.

Mkewe, Namsifu, alipomletea chai alisimama katikati ya chumba akashika masikio.

"Baba Hoza, mbona humu ni kama mtu amenifunika na godoro?"

"Ndiyo studio hiyo, Mama Hoza. Kelele zote zimekufa."

"Na wewe umo humo humo?"

Shemboza akapokea chai, akarudi kwenye mashine zake.

Wiki ile ile akaja Bi Mkunde. Kule milimani hakuna asiyemjua. Ndiye aliyeimba kwenye harusi na misiba tangu ujana wake, na watu wanasema akiimba ng'ambo ya bonde, wanaolima upande wa huku huacha jembe wakasikiliza. Alikuja ameshikwa mkono na binti yake, Zaina, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza.

"Mwanangu," alimwambia Shemboza, "nina uvimbe kooni. Jumatatu wananifanyia operesheni. Daktari hakunificha, amesema huenda nikatoka mzima lakini sauti ikabaki hukohuko. Sasa huyu mjukuu ananijia wakati mimi sauti inaniaga. Nataka anijue. Nirekodie nyimbo za kumlaza."

"Umefika, mama," Shemboza akajibu. "Hakuna chumba kilichotulia kama hiki Lushoto nzima."

Akamsimamisha mbele ya maikrofoni. Bi Mkunde akafumba macho, akaanza. Hakufika mbali, akanyamaza.

"Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, mama."

Akaanza tena. Sauti ilitoka kinywani ikaanguka miguuni pake kama kitambaa. Akaongeza nguvu, ikaanguka vilevile. Akasukuma zaidi, akakohoa, akashika shingo. Zaina akamsogezea kiti.

"Mwanangu, sikulaumu," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Lakini humu najiona kama nimeshafanyiwa ile operesheni."

Walipoondoka, Shemboza alisikiliza alichorekodi. Sauti ya Bi Mkunde ilikuwa nyembamba, kama inatoka chini ya blanketi. Na chini yake, ajabu, palikuwa na mvumo mzito, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Alisogea kwenye kona ya chumba akasikiliza. Mvumo ulikuwa umejaa pale. Sponji zake nyepesi zilikuwa zimekula sauti za juu tu, zile zenye kung'aa. Sauti nzito hazikuguswa. Zilikimbilia kwenye kona zikajikusanya humo.

Alikaa sakafuni. Ukungu ulikuwa umeshuka, mchana umekuwa mweupe na mzito, na usingizi ukamchukua pale pale alipoketi. Akaota amesimama ukingoni mwa bonde akimwita marehemu mama yake. Aliita kwa nguvu zake zote, lakini bonde halikuitika. Majani hayakutikisika wala ndege hakuruka. Akatazama chini akaona bonde lote limebandikwa sponji.

Aliamka. Akanyanyuka, akaingiza vidole nyuma ya sponji ya kwanza, akaibandua.

Namsifu alisikia mchaniko akaja mbio. "Kulikoni?"

"Nimepotea njia, Mama Hoza. Aliyenifundisha kazi hii kule Tanga alinionyesha kila kitu. Watu waliponicheka nikaanza kubandika kwa hasira. Niletee kile kioo chako cha chumbani."

Basi wakaanza upya. Shemboza aliketi kwenye kiti chake cha kusikilizia, mbele ya spika zake, na Namsifu akawa anakitembeza kioo ukutani, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi. Dirisha lilikuwa limefunguliwa. Kioo kikapita na kipande cha ukungu, kikapita na kijani cha mgomba, kikapita na tabasamu la Namsifu mwenyewe.

"Hapo! Simama hapo. Naiona spika."

Panapoonekana spika kiooni ndipo sauti inapogonga ukuta kabla ya kumrukia msikilizaji sikioni. Namsifu akatia alama ya chaki. Wakafanya hivyo upande wa pili, na kwenye dari pia, Namsifu akiwa juu ya meza na mumewe akiishikilia isiyumbe. Kwenye alama zile tu ndipo Shemboza alipotundika paneli za kunyonya sauti, tena nene.

Kisha akageukia kona. Alitengeneza fremu ndefu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, akazishindilia blanketi kuukuu na makapi ya katani, akazivika kitambaa na kuzisimamisha katika kila kona. Mafundi huziita mitego ya besi, kwa kuwa ndiyo inayozinasa zile sauti nzito zinazojificha. Ukuta wa nyuma hakuubandika kitu. Aliweka rafu tu, yenye vitabu vikubwa na vidogo na vibuyu vya Namsifu, ili sauti ikifika pale itawanyike badala ya kurudi kwa kishindo.

Alipomaliza alipiga kofi. Sauti ilimrudia kidogo, nyepesi, ikaenda zake.

Jumamosi Bi Mkunde, aliyekuwa ameitwa tena, alifika mlangoni na Zaina, akaita, "Hodi humu!" Kisha akainamisha kichwa kama anayesikiliza jina lake.

"Leo chumba kimeniitikia," akasema.

Aliimba nyimbo za kulaza, za kuogesha, na ule wa kumbembeleza mtoto anayeota meno. Sauti yake ilipanda ikaelea, na nje ukungu ukawa umesimama dirishani kana kwamba nao umekuja kulazwa. Zaina alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni.

Ulipofika wimbo wa mwisho, Bi Mkunde aliipa maikrofoni kisogo. Akaigeukia ile rafu ya vibuyu. Shemboza aliinua mkono amzuie, Namsifu akaushika mkono ule akaushusha.

"Uko wapi, mwana wa ukungu?" Bi Mkunde aliimba.

Kisha akanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu, mpaka Shemboza akadhani amesahau maneno. Ila kwenye hedifoni zake alisikia mkia wa sauti ile ukizunguka chumbani polepole, kisha pumzi ya mama, kisha chumba chenyewe kikisubiri.

"Nimekusikia! Njoo nikubebe," akaendelea.

Akauliza tena. Akanyamaza tena. Ndivyo wimbo mzima ulivyokwenda.

Walipomaliza, Shemboza alimwuliza kwa adabu, "Mama, zile nafasi za kimya ni ndefu mno. Nizipunguze?"

"Usiziguse, mwanangu. Hizo si zangu."

Shemboza hakuelewa, lakini aliziacha.

Jumatatu ikafika, na operesheni ikafanyika. Bi Mkunde alitoka salama, na daktari hakuwa amekosea. Kilichobaki kooni mwake kilikuwa mnong'ono tu. Watu wa milimani walihuzunika kama waliopata msiba. Miezi ikapita, Zaina akajifungua mtoto wa kike, na Shemboza, kwa shughuli zake, hakupata nafasi ya kwenda kuwaona.

Mpaka siku moja asubuhi Namsifu alipomvuta. "Twende. Mtoto ameshajua kutambaa na sisi hatujawapa hata hongera."

Walimkuta Bi Mkunde ameketi mkekani. Aliwanong'oneza salamu, akawaashiria wakae. Kisha akabonyeza kiredio chake kidogo chenye zile nyimbo zilizorekodiwa, na ule wimbo wa mwisho ukaanza.

"Uko wapi, mwana wa ukungu?"

Mtoto, aliyekuwa akichezea kifuniko cha sufuria, akainua kichwa. Ukimya ukatanda chumbani.

"Aaa!" akajibu kwa nguvu.

"Nimekusikia! Njoo nikubebe," sauti ikasema.

Mtoto akacheka, akatupa kifuniko, akatambaa haraka haraka hadi miguuni pa bibi yake akanyoosha mikono. Bi Mkunde, bila neno, akambeba.

Ndipo Shemboza alipojua zile nafasi zilikuwa za nani. Akageuza uso upande wa mlango, akajifanya anatazama mvua iliyokuwa imeanza kunyesha nje.

Funzo: Si kila sauti inayokurudia ni kelele. Nyamazisha ile inayovuruga, ifuate mpaka kwenye kona inapojificha, lakini usizibe kila ukuta. Anayeacha nafasi ya kujibiwa hupata majibu hata pale ambapo yeye mwenyewe hawezi tena kuita.